Mix ya Flashi Pia Ni Albamu: Kutoka Kalimoni Hadi Berlin, Nani Anakula Doo ya Ngoma za Kitambo?

Mwisho wa Desemba 2025, watu wakiwa bize na nyama choma na mipango ya fare ya kurudi kutoka ushago, kuna kitu kilitendeka kimya kimya. Hakuna aliyepiga firimbi, hakuna redio ilitangaza. Rekodi zote za muziki zilizotengenezwa Kenya mwaka wa 1975 zilifikisha miaka 50, na kwa sheria ya haki miliki ya Kenya, ulinzi wa rekodi yenyewe ukaishia hapo.

1975 haukuwa mwaka mdogo. Ndio mwaka JM Kariuki aliuawa, mwezi wa tatu. Ndio mwaka Joseph Kamaru, mzee wa Kangema, Murang'a, aliingia studio akaimba juu ya hio mauaji, na serikali ikaona huo wimbo ni ngori ikaupiga marufuku hewani. Leo hio sauti, ile rekodi yenyewe ya 1975, haina tena mlinzi kwa sheria yetu.

Na hapo ndio mchezo unaanza, kwa sababu hizi ngoma za kitambo ndio watu wanachukua, wanapanga pamoja, na kuachilia tena kama albamu za mkusanyiko. Zile za "nyimbo bora za fulani". Zinatoka London, zinatoka Berlin, na usishangae, zinatoka pia Kalimoni.

Kalimoni iko na lebo ngapi?

Kama hujui Kalimoni, ni wadi iko eneo bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu. Unashuka Thika Road upande wa Juja, unashika nduthi, uko. Kuna ile hospitali ya misheni watu wengi wa hii side wamezaliwa ama wametibiwa. Chuo cha JKUAT kiko hapo karibu, kwa hivyo ukitupa jiwe gizani unaeza gonga prodyusa mwenye keja ya bedsita, laptopu moja na maiki amefunika soksi.

Ukiuliza huko lebo za muziki ziko ngapi, watu watacheka. Lakini hesabu vizuri. Kila duka la muvi linaloweka nyimbo kwa flashi ni lebo. Unapeana flashi yako, unaambia jamaa "niwekee mugithi za kitambo", na kwa bei ya chapo ndengu unatoka na nyimbo mia mbili: Kamaru, DK, Queen Jane, Demathew, zote zimepangwa vizuri kwa folda. Hio folda ni albamu ya mkusanyiko. Iko na mpangilio, iko na mnunuzi, iko na bei. Kitu haina ni mkataba.

Dere wa mathree ya Juja naye ako na yake. DJ wa mtaa ameunganisha nyimbo 30 zikawa saa moja na nusu, akaongeza sauti yake katikati ya kila koras ndio usisahau namba yake ya simu, akaitupa YouTube. Hio pia ni mkusanyiko. Na Jumamosi usiku, yule msanii wa gitaa moja kwa klabu anapiga Kamaru, anaingiza DK, anamalizia na Demathew bila kupumua. Hio nayo ni mkusanyiko wa laivu.

Kwa hivyo usiskie albamu ya mkusanyiko ukadhani ni mambo ya wazungu wenye santuri. Huku kwetu ndio njia kubwa zaidi watu hupata muziki wa zamani. Swali ni moja tu: katika hizi zote, doo inafikia nani?

Mfano wa mbali: Silverchair wa Australia

Kabla turudi nyumbani, cheki hii stori ya mbali kidogo, kwa sababu inaonyesha game ilivyo bila aibu.

Silverchair ni bendi ya roki mbadala ya Newcastle, Australia. Walikuwa vijana wa shule tu. Albamu yao ya kwanza, Frogstomp, ilitoka 1995 wakiwa na miaka kama 15. Ikafuata Freak Show 1997, halafu Neon Ballroom 1999. Zote tatu zilikuwa chini ya Murmur, lebo ndogo ndani ya Sony. Mkataba ukaisha, vijana wakasema asante, wakahama.

Kampuni haikulia. Mwisho wa mwaka wa 2000 ikachukua nyimbo ilizokuwa nazo kabatini, ikazipanga, ikaachilia The Best Of Volume 1. Bendi yenyewe haikuipigia debe hio albamu. Lakini ingefanya nini? Masta zilikuwa za kampuni.

Masta, kama hujawahi kujichanua, ni ile rekodi ya asili. Mwenye masta ndio huamua wimbo utatoka lini, na akina nani, kwa kava gani, na kwa bei gani. Wewe ndio uliimba, jasho ni lako, machozi ya huyo mpenzi aliyekuacha ni yako, lakini kama ulisaini masta ikaenda, mwenye kupanga mkusanyiko ni mwingine.

Sasa fikiria: kama hio inaweza fanyika kwa bendi iliyouza mamilioni, yenye mawakili, nchi yenye sheria inafanya kazi, je, mzee aliyerekodi River Road 1978 na akalipwa kwa mkono, bila hata karatasi?

Wageni walivyogundua kabati letu

Nairobi ya miaka ya sabini ilikuwa kitu kingine. Makampuni makubwa kama Polygram na EMI yalikuwa na ofisi hapa. Wakongo, Watanzania na Waganda walikuwa wanakuja kurekodi. Halafu pale River Road kulikuwa na maprodyusa wadogo wa kila kabila, wakitoa santuri za Kikuyu, Kijaluo na Kikamba kama mkate wa asubuhi. Kamaru mwenyewe alikuwa na duka huko.

Halafu kanda zikaja. Kanda ni rahisi kukopi, na watu walikopi mpaka kampuni zikachoka. Kufika mwisho wa miaka ya themanini, makampuni mengi ya nje yalikuwa yamefunga ama yanaondoka. Masta zingine zikapotea, zingine zikaenda na wenyewe, zingine zikabaki kwa masanduku ya watu binafsi. Maduka machache sana yalibaki na memori ya hio enzi, kama Melodica pale Tom Mboya Street, ambayo imekuwa hapo tangu 1971.

Hapo ndio wachimbaji waliingia. Mwanzo wa miaka ya tisini lebo ya Earthworks ya Uingereza ilikuwa na Guitar Paradise of East Africa, ambayo ndani yake kuna "Shauri Yako" ya Super Mazembe. 2013 lebo ya Soundway, pia ya Uingereza, ikaachilia Kenya Special, mkusanyiko wa rekodi za miaka ya sabini na themanini. Ikafanya vizuri mpaka 2016 ikatoa volyumu ya pili. Ngoma ambazo hapa zilikuwa zimesahaulika, zikaanza kuchezwa kwa vilabu vya Ulaya na watu wenye hawajui Thika ni mji ama ni aina ya chai.

Usinielewe vibaya. Hizi lebo zimeokoa nyimbo nyingi ambazo zingeoza. Zinasafisha sauti, zinaandika historia ya kila bendi kwa kijitabu, na zinatafuta wenye haki wazilipe. Shida iko kwa hilo neno "wenye haki". Ukikuja Nairobi miaka 40 baadaye kutafuta mwenye wimbo, unapata nani? Unapata mwenye lebo ya zamani ama mtoto wake. Mpiga gitaa wa pili, yule aliyetengeneza ile melodi yenye kila mtu anaijua, alikufa bila jina lake kuandikwa popote. Mirabaha hufuata karatasi. Jasho bila karatasi halina anwani.

Stori ya "Malaika" ilitufunza hii zamani. Fadhili William aliirekodi, Miriam Makeba akaiimba dunia nzima, Boney M wakaipiga, na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliitunga, kuna wanaosema ni Adam Salim wa Tanzania. Wimbo mkubwa kuliko yote tumewahi toa, na bado watu hawakubaliani mwenye ni nani.

Mjukuu amefungua kabati la guka

Sasa hapa ndio kuna stori tamu.

Mzee Kamaru alizaliwa 1939. Alikuwa sauti ya Mlima Kenya kwa zaidi ya miaka 50. 1969 wimbo wake juu ya mwalimu anayetongoza wanafunzi uliwachoma walimu mpaka ikawa kesi ya kitaifa. 1975 akaimba JM. 1980 alienda Japan kwa msafara wa Rais Moi, akarudi na wimbo juu ya hio safari. 1993 akaokoka, akaingia gospo. Alikufa Oktoba 3, 2018.

Ako na mjukuu mwenye jina lake, Joseph Kamaru pia, kama vile Wakikuyu hupeana jina la guka. Wengi wanamjua kama KMRU. Huyu hafanyi benga wala mugithi. Anafanya muziki wa sauti za mazingira, zile za kusikiza na hedifoni na macho umefunga, na 2020 albamu yake Peel ilimweka kwa ramani ya dunia. Base yake ni Berlin.

Huyu kijana alianza kuweka kazi za guka wake kwa Bandcamp, pole pole, moja baada ya nyingine. Halafu 2025 ikatoka Heavy Combination 1966–2007 kupitia lebo inaitwa Disciples. Mkusanyiko mmoja wenye umebeba miaka 41 ya mzee.

Ukiweka hii kando ya ile ya Silverchair, unaona tofauti. Kule, kampuni ilipanga nyimbo za watu wasiotaka. Hapa, damu ya mzee imepanga nyimbo za mzee. Mtu anajua huu wimbo guka alikuwa anamaanisha nini, anajua ni gani ilimletea shida na serikali, anaweza kukaa na wazee wa familia wakamwambia nani alipiga gitaa. Na doo ikiingia, inajua njia ya kurudi nyumbani.

Na kuna hesabu hapo pia. Bandcamp hukata asilimia 15 kwa mauzo ya dijitali na 10 kwa santuri na vitu vya kushika, mbali na ada ya malipo. Inayobaki inaenda kwa aliyeweka muziki. Kwa hivyo mtu mmoja Tokyo akinunua albamu ya guka kwa dola 10, zaidi ya dola 8 inaweza kufika kwa aliyeiweka. Shikilia hio namba, tutairudia.

Kile sheria inasema, kwa lugha ya mtaa

Hapa wengi huchanganyikiwa, na ni hapa watu huliwa. Kila wimbo uliorekodiwa uko na vitu viwili ndani.

Cha kwanza ni utunzi: maneno na melodi. Hio ni mali ya mtunzi, na kwa sheria ya Kenya ya 2001 inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa kuisha. Kamaru alienda 2018, kwa hivyo tungo zake ziko na kufuli mpaka mwisho wa 2068. Familia ina haki ya kula hapo, hata vitukuu.

Cha pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku hio studio. Hio inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilirekodiwa. Ikiisha, imeisha. Haijalishi kama aliyeimba bado ako hai anapanda nduthi pale Juja.

Kwa hivyo kila Desemba 31 kuna mwaka mmoja wa muziki wa Kenya unatoka kwa ulinzi wa rekodi. Mwisho wa 2025 zilitoka za 1975. Mwisho wa 2026 zinatoka za 1976, na hivyo hivyo tunaingia kwa ile miaka tamu kabisa ya benga na rumba ya Nairobi. Nje hesabu ni ingine. Uingereza kwa mfano rekodi iliyotolewa hulindwa miaka 70. Lakini hapa nyumbani ni 50.

Hii inamaanisha nini kwa jamaa wa flashi Kalimoni? Inamaanisha rekodi ya 1975 imefunguliwa mlango mmoja, lakini mlango wa pili, wa utunzi, bado umefungwa. Bado anahitaji ruhusa ya mtunzi ama familia. Na kwa lebo ya nje ambayo inataka kutoa mkusanyiko hapa, inamaanisha haihitaji tena kumtafuta mwenye masta. Inabaki mtunzi peke yake. Yule mpiga gitaa, yule wa ngoma, yule mama aliyeimba koras, haki zao kwa hio rekodi zimeisha pia.

Kitu kingine cha kushika: sheria inasema kuuza haki miliki lazima iwe kwa maandishi na isainiwe na mwenye kuuza. Kuna familia nyingi hii side ya Thika na Murang'a zinaambiwa "mzee wenu aliuza kila kitu". Sawa. Karatasi iko wapi? Kama hakuna karatasi, basi hio ni stori tu kama stori zingine. Kupokea pesa ya siku moja studio haimaanishi uliuza utunzi.

Thao mbili na kitu

Utaniambia, si kuna vyama vya kukusanya mirabaha? Viko. Klabu inapolipia leseni ndio ichezeshe muziki, mathree inapolipia, hio doo inafaa ifike kwa watunzi na waimbaji.

Lakini 2019 chama cha MCSK kilipogawa mirabaha, kila memba alipata Sh2,530. Thao mbili, mia tano na thelathini. Mtu ambaye nyimbo zake ziko kwa kila harusi, kila ruracio na kila mathree ya Thika Road, anapewa pesa ya mtungi wa gesi na unga. Wasanii walipiga kelele na walikuwa na haki. Tangu hapo imekuwa vita ya leseni, KECOBO ikivutana na MCSK, chama kingine cha PAVRISK kikaingia, na kesi zikaenda kortini. Wakati wakubwa wanavutana, mzee ako nyumbani anangoja.

Sasa kumbuka ile dola 8 ya Tokyo. Kwa bei ya dola ya siku hizi, karibu 130 bob, hio ni kama thao moja. Watu watatu tu duniani wakinunua albamu ya mkusanyiko moja kwa moja kutoka kwa familia, wamepita hio Sh2,530. Watatu. Hio ndio hesabu inafaa kufanya kila familia yenye ina kanda za mzee chini ya kitanda iamke.

Skiza nayo ina kitu. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2022, kwa ngoma za kuitikia simu msanii anafaa kupata angalau asilimia 52 ya mapato. Kampuni ya simu 39.5, na aliyeko katikati 8.5. Lakini swali linabaki lile lile: nani ameandikishwa kama mwenye huo wimbo? Kuna nyimbo za marehemu ziko huko, na familia haijawahi kuangalia jina la nani liko hapo.

Thika Road inajua hii uchungu

Hii corridor ya Thika imetoa majina. Gatanga, hapo juu tu, ndio nyumbani kwa DK na kwa John De'Mathew. De'Mathew alikuwa mwenyekiti wa TAMCO, kikundi cha wanamuziki, na alikuwa na mdomo mkali kwa mambo ya haki za wasanii.

Agosti 18, 2019 alikufa kwa ajali ya barabara hapo Blue Post, Thika. Unajua alikuwa ametoka wapi hio usiku? Alikuwa ametoka kwa harambee ya mwanamuziki mwenzake, Peter Kigia, hapo Thika.

Kaa na hio kidogo. Mwanamuziki mkubwa, mwenye nyimbo zinajaza vilabu kutoka Roysambu mpaka Nyeri, anatoka usiku kuchangia mwanamuziki mwingine mkubwa. Hio ni utu, hakuna shaka. Lakini pia inaonyesha mfumo wetu ulivyo. Kazi ya harambee ilifaa kufanywa na mirabaha. Mfanyakazi wa benki akizeeka hachangiwi na wafanyakazi wenzake kwa ukumbi wa klabu. Ako na penseni.

Na hapo ndio naona albamu ya mkusanyiko inaingia. Mwanamuziki hana NSSF ya maana. Hawezi piga shoo usiku kucha akiwa na miaka 70. Kitu ako nayo ni ile kazi alifanya akiwa na 25. Mkusanyiko ndio penseni yake. Ndio njia ya kazi ya zamani kulipa bili ya leo. Na ndio maana ni muhimu sana nani anaupanga, nani anausaini, na akaunti ya nani inapokea.

Ingine inawezekana hapa nyumbani

Usidhani lazima uwe na mjukuu Berlin. Ketebul Music, ya Tabu Osusa, ilitoa Retracing the Benga Rhythm 2008 na Retracing Kikuyu Popular Music 2010. Sio CD tupu. Kulikuwa na filamu na kijitabu, wakatafuta wazee wenyewe, wakawauliza, wakawaandika. Hio imefanyika Nairobi, na watu wa Nairobi.

Hata mwanzo wa miaka ya 2000, Ogopa Deejays walitumia albamu za mkusanyiko kutambulisha kizazi kipya kabisa. Wasanii wengi, diski moja, na mtaa mzima ukajua majina yao. Kwa hivyo mkusanyiko unaeza kuwa mlango wa kuingia kwa game, si jeneza la kumalizia tu.

Shida ni kwamba vijana wa leo wanarudia makosa ya River Road wakiwa na simu mkononi. Kwa enzi ya Gengetone tuliona: mbogi inatoa ngoma, inafikisha mamilioni ya watazamaji, halafu inagawanyika kwa sababu chaneli ya YouTube iliandikishwa kwa jina la mtu mmoja. Chaneli ndio masta ya siku hizi. Aliye na paswadi ndio atapanga "nyimbo bora" zenu miaka 20 ijayo, na nyinyi mtakuwa mnachangiana kwa harambee.

YouTube pia iko na mtambo wake wa kutambua nyimbo. Wimbo wako ukiwa umesajiliwa, yule DJ wa Juja akiweka mix ya saa moja na nusu, mtambo unajua dakika ya 14 ni yako na unaeza kukupea mapato ya hio video. Ukikosa kusajili, na mtu mwingine asajili kabla yako, mtambo utamlipa yeye. Mashine haijui nani alitoa jasho. Inajua nani alijaza fomu.

Kwa hivyo ufanye nini?

Kama mzee wako ama cucu wako aliwahi kurekodi, hata wimbo mmoja tu, anza na kukaa naye chini kabla hajaenda. Andika: wimbo gani, mwaka gani, studio gani, nani alipiga nini. Hio karatasi moja ina thamani kuliko kanda kumi bila maelezo. Halafu tafuta mikataba yote ya zamani, na kama kuna mtu anadai aliuziwa, aonyeshe saini.

Pili, peleka kanda na santuri zisafishwe ziwe dijitali kabla panya na unyevu havijafanya kazi yao. Andikisha tungo KECOBO. Ziweke kwa jina la familia kwa majukwaa yanayolipa. Huhitaji kungoja mzungu na ndege.

Kama wewe ni prodyusa wa bedsita hapo Kalimoni, kila siku ya studio iishe na karatasi: nani ametunga, asilimia ngapi, masta ni ya nani. Inachukua dakika tano. Ukiona mtu anakataa kusaini hio, ushajua rada.

Na jamaa wa flashi? Huyo hatatoka leo wala kesho, na kumfunga hakutalisha mwanamuziki yeyote. Lakini yeye anajua kitu ambacho hakuna lebo ya London inajua: watu wa hii side wanataka nyimbo gani, kwa mpangilio gani, na wako tayari kulipa ngapi. Soko liko, limekuwa hapo miaka yote. Familia za hawa wazee zikiungana na vijana kama huyo, zitoe mikusanyiko halali ya bei ya mtaa, hio chapo ndengu itaanza kugawanywa vizuri.

Kwa sasa saa inahesabu. Rekodi za 1976 zimebakisha hadi Desemba 31, 2026. Kuna mtu Juja, Thika ama Ruiru alipiga gitaa kwa moja ya hizo rekodi, na bado ako hai. Muulize leo, kabla ufunguo haujabadilisha mkono.